Barua ya Mheshimiwa Larrabee

Nahla hakuwa mtu wa kinyaa. Katika miaka sita ya kutunza wazee majumbani, tangu Arlington, Texas, alikoishi hadi Fort Worth, alikuwa ameshika kila kitu kinachoweza kutoka katika mwili wa binadamu, na mikono yake haikuwahi kusita. Truphosa, mwenzake wa kazini, alizoea kumuuliza anawezaje kubadilisha nepi ya mzee kisha akakaa kitako kula biriani kama hakuna kilichotokea. "Mwili ni mwili," Nahla alimjibu. "Ukishanawa mikono, yamekwisha." Ndiyo maana siku alipokimbilia choo cha Bi Lurlene Larrabee na kutapika chai yote ya asubuhi, aliyeshangaa zaidi alikuwa yeye mwenyewe. Kilichomtapisha kilikuwa karatasi.

Bi Lurlene alikuwa na miaka themanini na minane, mjane asiye na mtoto, akiishi peke yake katika nyumba ya matofali upande wa magharibi wa Fort Worth. Macho yake yalikuwa yamekufa katikati. Aliona kando tu, kama mtu anayechungulia. Kwa miaka kumi na moja alikuwa akiandika kitabu kimoja: maisha na ukoo wa Ambrose Larrabee, babu wa babu yake. Picha ya Ambrose ilitundikwa chumba cha kulia, ikimwangalia kila anayemeza tonge: pua nyembamba, midomo iliyobanwa, na sikio la kushoto lililochongoka juu mithili ya jani.

Nahla alipoletwa na kampuni yake, mwanzoni alikuja kuogesha, kupika na kuhakikisha vidonge vimemezwa. Lakini siku moja alimuona bibi akihangaika na kioo cha kukuza maandishi juu ya karatasi kuukuu, akaisoma ile karatasi kwa mbali bila kutaka. Bibi akageuza shingo kumtafuta kwa pembe ya jicho.

"Unaweza kusoma mwandiko huu?"

"Nilikuwa karani wa masjala katika mahakama za Mombasa, miaka tisa," Nahla alisema. "Nimesoma faili za tangu enzi za Waingereza. Mwandiko wa mawakili haunisumbui."

Tangu siku hiyo akawa macho ya Bi Lurlene. Kila baada ya chakula cha mchana walifungua sanduku la mbao, Nahla akasoma, bibi akasema nini kiandikwe. Kwa njia hiyo Nahla alimjua Ambrose Larrabee kuliko alivyowajua wajomba zake mwenyewe. Alijua kwamba alizaliwa Virginia mwaka 1779, mtoto wa mshona matandiko ya farasi. Kwamba alijifunza sheria kwa kunakili hati katika ofisi ya jaji mmoja aliyemlisha mabaki. Kwamba alivuka milima akiwa na miaka ishirini na mbili kwenda Kentucky, akiwa na jozi moja ya viatu, na kesi yake ya kwanza ilikuwa ya mjane aliyenyang'anywa shamba. Alishinda. Watu wakamchagua kwenda bunge la jimbo, kisha wakampeleka Washington mara mbili. Hotuba yake moja ilichapishwa magazetini, na Bi Lurlene aliijua kwa moyo. "Serikali isiyoweza kumlinda mtoto wa maskini," alikuwa akiisema kwa sauti iliyotetemeka, "haina haki ya kuitwa serikali." Mwana mdogo wa Ambrose ndiye aliyeuleta ukoo Texas.

Kusema kweli, Nahla alimpenda huyo mtu. Jioni akiwa nyumbani Arlington alimsimulia mumewe, Shuaib, dereva wa malori, kuhusu yule mtoto wa fundi aliyepanda mpaka bungeni. "Mheshimiwa wako leo kafanya nini?" Shuaib alikuwa akimtania akivua viatu mlangoni.

Halafu ikaja siku ya ile barua. Ilikuwa chini kabisa ya sanduku, imekunjwa mara nne, tarehe ya Oktoba 1819, kutoka kwa Ambrose kwenda kwa kaka yake aliyesimamia shamba lake. Nahla alianza kuisoma kwa sauti ile ile ya kila siku. Ambrose alieleza kwamba harusi yake na binti wa jaji ingekuwa wiki tatu baadaye. Kwa hiyo, alimwambia kaka yake, watoto wa mtumwa wake Dido waondolewe kabla bibi harusi hajafika.

"Yule Lewis sasa ana miaka tisa," Nahla alisoma, "na amechukua sura yangu kiasi kwamba mahakamani watu wanachekeana nikipita. Mpeleke kusini pamoja na wale wasichana wawili. Usiwauze mahali pamoja, kwa maana wakiwa pamoja watakumbuka. Hati nimeziandika mwenyewe, hakuna atakayezitia kasoro. Dido mpe kazi za jikoni asipate nafasi ya kulia mbele za watu."

Macho ya karani yana mazoea yake, hayajui kusimama katikati ya ukurasa. Akaendelea na aya ya mwisho.

"Kuhusu yule farasi jike wa kijivu: mtoto wake asitenganishwe naye kabla ya majira ya kuchipua. Nimeona wakitenganishwa mapema wananyong'onyea, na ni dhambi kumtesa mnyama bure."

Hapo ndipo alipokimbilia chooni.

Aliporudi, uso umelowa maji, Bi Lurlene alikuwa amekaa vile vile, mikono juu ya blanketi. Nahla alimwonea huruma. Alidhani mzee wa watu amepigwa na habari ambayo hakuitarajia, akatafuta maneno ya kumpoza.

"Pole sana, Bi Lurlene. Hukujua."

"Hiyo huwa tunairuka, mpenzi," bibi alisema kwa upole. "Ningekuonya, ila sikujua umefika chini ya sanduku. Baba yangu alinionyesha nilipotimiza miaka ishirini. Naye alionyeshwa na baba yake. Tunaisoma mara moja, halafu tunairudisha. Hebu nipe ile ya harusi yenyewe, inaeleza vizuri sana gauni la bibi harusi."

Nahla alimtazama yule kikongwe ambaye asubuhi ile ile alimpaka losheni vidoleni mwa miguu kimoja kimoja. Ngozi yake ilimsisimka kana kwamba ameshika kitu chenye utelezi gizani. Vizazi vitano vya watu walikuwa wameisoma barua hiyo, wakaikunja mara nne, wakaenda kula chini ya picha.

Aliisoma ile ya gauni. Alisoma kila neno.

Wiki iliyofuata ilikuja bahasha kutoka Houston. Mwandishi wake alijitambulisha kama Odessa Tolliver, mwalimu mstaafu, mkazi wa mtaa wa Alief. Alieleza kwa adabu kwamba vipimo vya vinasaba vilionyesha yeye na ukoo wa Larrabee ni damu moja. Katika familia yao kulikuwa na simulizi kuhusu babu wa kale aliyeitwa Lewis, aliyeletwa Texas akiwa kijana, ambaye alisema tu kwamba alitoka Kentucky na kwamba baba yake alikuwa mtu wa kusema mbele za watu. Alikuwa amesikia habari za kitabu. Hakutaka chochote ila jambo moja: kama kulikuwa na karatasi yoyote inayotaja jina la mama yake Lewis. "Nina miaka sabini na nne," aliandika. "Ningependa kulijua kabla sijaondoka."

Siku hiyo alikuwapo Grant, mpwa wa Bi Lurlene, mwanasheria aliyekuwa anagombea kiti cha bunge la jimbo. Ndiye aliyelipia uchapishaji. Uzinduzi wa kitabu ulipangwa sambamba na kampeni zake. Nahla alimaliza kuisoma barua huku Grant akila keki ya malai aliyomletea shangazi yake, akila na kuongea kwa pamoja, malai ikimganda pembeni ya mdomo.

"Kila familia ina mambo kama hayo," alisema, akalamba kidole gumba, kisha kile cha shahada. "Akipewa kidole atataka mkono. Mwambie hatuna karatasi yoyote."

"Tumjibu kwa mkono," Bi Lurlene alisema. "Barua ya kuchapwa haina heshima. Nahla ana mwandiko mzuri."

Nahla alikaa na kalamu mbele ya karatasi nene yenye nembo ya ukoo. Alifikiria kusema hapana. Alifikiria pia bima ya afya ya Afnan, binti yake, na maombi yake mwenyewe ya uraia yaliyokuwa yanasubiri, na jinsi Grant alivyokuwa amesimama nyuma ya kiti akipumua sukari. Akaandika. Mpendwa Bi Tolliver, tumetafuta kwa makini katika nyaraka zetu zote. Hakuna palipotajwa mtu wa jina hilo. Tunakutakia kila la heri.

"Mwandiko mzuri kweli," Grant alisema.

Nahla aliitia bahasha ile katika sanduku la posta kwa mkono wake mwenyewe, kisha akakaa ndani ya gari bila kuwasha injini. Mkono wa kulia ulimkirihi. Aliupangusa kwenye suruali, akaupangusa tena.

Nyumbani alimweleza Shuaib yote. Mumewe alisikiliza mpaka mwisho, sahani ya wali ikipoa mbele yake.

"Mama Afnan, hao ni watu wachafu," alisema. "Resign. Kesho u-call ofisi, uwaambie hurudi kule."

"Wao wachafu. Na mimi niliyeandika?"

Shuaib alisogeza sahani kando.

Na hilo silo lililomkosesha usingizi zaidi. Kulikuwa na jingine, ambalo lilikuwa limejikunja ndani yake miaka yote bila yeye kuligusa. Katika nyumba ya nyanya yake, Kibokoni, Mombasa, palikuwa na mwanamke mzee aliyeitwa Zafarani. Alipika, alifua, alilala kwenye chumba cha stoo karibu na kisima, na wakati wa kula alikula jikoni peke yake. Wageni wakiuliza, waliambiwa, "Huyu ni mtu wetu wa nyumbani." Nahla alikuwa na miaka saba alipogundua kwamba Zafarani na nyanya yake wana kidevu kimoja, chenye kishimo katikati. Alisema kwa sauti, mbele ya wageni. Alipigwa kofi ambalo hata leo alikuwa akilikumbuka, na hakuuliza tena.

Jumamosi asubuhi alimpigia shangazi yake Badria huko Mombasa. Baada ya salamu na habari za kila mtu, akauliza.

"Shangazi, Zafarani alikuwa nani kwetu?"

Sauti ya televisheni kule Mombasa ikapunguzwa.

"Kwa nini wauliza mambo ya maiti?"

"Alikuwa dada yake nyanya, sivyo? Baba mmoja."

"Nahla, mwanangu, yule mama yake alikuwa mjakazi. Mambo hayo yalikuwa kila nyumba. Baba wa nyanya yako alimlea, alimlisha, alimvisha. Wengine waliwafukuza."

"Alimlisha jikoni."

"Ulitaka alishwe wapi?" Badria alisema, na katika swali hilo hamkuwa na ubaya wowote. Alikuwa anauliza kweli. "Sikiza. Usituchafulie jina. Una binti wa kuoza wewe. Mama yake Zafarani hata jina hatulijui, na kaburi lake halipo. Yashapita."

Nahla alikata simu. Sauti ile ilikuwa ya Bi Lurlene mtupu, ila hii ilinukia udi, na ilimwita mwanangu. Alikuwa amekaa miezi akijiona mtu safi katika nyumba ya wachafu. Sasa alijiona kwenye kioo cha ukumbini, kishimo cha kidevu kikimtazama, akageuza uso.

Hakumwambia hata Shuaib. Alichukua ufunguo wa gari, akashika barabara kuu ya kwenda Houston, mwendo wa saa nne wa mabango ya mawakili na vituo vya mafuta, na saa nane mchana alikuwa amesimama mbele ya nyumba ya ghorofa moja Alief, akiwa na anwani aliyoiandika mwenyewe juu ya bahasha ya uongo.

Odessa Tolliver alifungua mlango akiwa amevaa aproni. Alikuwa mrefu, mweusi wa maji ya kunde, nywele zote nyeupe. Nahla aliliona sikio la kushoto kabla hajaona kitu kingine, lile sikio lililochongoka juu kama jani, likiwa na hereni ndogo ya lulu. Maneno aliyojipangia njia nzima yakampotea.

"Mimi namtunza Bi Larrabee," alisema. "Barua ipo. Niliisoma. Mama yake Lewis aliitwa Dido."

Mwanamke yule alishika fremu ya mlango.

"Rudia."

"Dido. Na Lewis alikuwa na ndugu wawili wa kike. Majina yao hayakuandikwa."

Odessa alimwingiza, akamkalisha kwenye meza ya kulia, akazima jiko. Nahla alimweleza barua nzima, aya kwa aya, kwa sababu kichwa cha karani kilikuwa kimeishika kama kilivyoshika faili nyingi kabla yake. Aliposema habari za mahakamani, Odessa alifumba macho. Aliposema "wakiwa pamoja watakumbuka," Odessa alitoa sauti ndogo kooni. Nahla alifika kwa farasi, akasita.

"Usiruke," Odessa alisema.

Akamweleza na ya farasi.

Odessa aliinuka, akaenda kwenye droo, akarudi na karatasi nene yenye nembo, akaiweka mbele ya Nahla.

"Na hii iliandikwa na nani? Kikongwe anayetunzwa haandiki hivi."

"Mimi."

"Ukijua."

"Nikijua."

Odessa alimtazama jinsi mtu anavyotazama kitu alichokikuta kwenye chakula chake. Nahla alikubali kutazamwa hivyo. Hakutaja bima wala uraia.

"Wewe umetoka Afrika," Odessa alisema mwishowe, polepole. "Nimekaa maisha yangu yote nikitamani siku moja mtu atoke huko aje anibishie hodi. Nilidhani atakuwa mtu mwingine kabisa." Alikunja barua ile. "Asante kwa jina. Sasa nenda nyumbani kwako." Kabla ya kutoka, Nahla aliandika jina lake na namba ya simu kwenye kipande cha karatasi, akakiacha mezani.

Jumatatu Nahla alimwambia Bi Lurlene mwenyewe alichofanya. Alisubiri mpaka amemwogesha na kumvalisha, kwa sababu kosa halikuwa la mwili ule. Bibi alisikiliza, kisha akasema kwa masikitiko ya kweli, "Na mimi nilikupenda sana," akaomba apewe simu. Kufikia mchana kampuni ilikuwa imemwachisha kazi kwa kutoa siri za mteja. Jioni Grant alimpigia kumwarifu kwamba sanduku liko kwa wanasheria wake, kwamba hakuna barua kama hiyo na haijawahi kuwapo, na kwamba mtu mwenye maombi ya uraia huwa hapendi kushitakiwa. Aliyasema yote hayo kwa sauti ya kirafiki, sauti ya mtu anayeomba kura.

Kitabu kilitoka mwezi wa nne. Nahla hakukitafuta. Alikuwa amepata kazi nyingine Carrollton, ya kumtunza mzee mmoja Mkorea asiyesema sana, na alishukuru kwa ule ukimya. Picha ndiyo iliyomfuata, kwenye simu, kutoka namba ya Houston asiyoijua. Ilikuwa ukurasa wa shukrani. Kitabu kilikuwa kimeshaenda mtamboni kabla hajafukuzwa, na hakuna aliyekumbuka kumfuta. Alisoma: Na kwa Nahla, msaidizi wetu mwaminifu, ambaye macho yake yalikuwa macho yangu na hakuniangusha kamwe.

Chini ya picha Odessa alikuwa ameandika maneno machache. *Nimekuona humu ndani. Je, unataka ubaki humo?*

Nahla alisimama jikoni kwa mzee wa watu, simu mkononi. Jina alilopewa na babake, katika ukurasa ule, kati ya Grant na mchungaji wa kanisa lao. Alitamani kulikwangua kwa ukucha kutoka kila nakala. Akapiga ile namba.

"Unataka nifanye nini, Bi Odessa?"

"Nataka uandike. Ulichosoma, neno kwa neno, na kwamba uliambiwa useme hakipo. Uweke saini mbele ya mthibitishaji. Sipeleki mahakamani. Tutakuwa na mkutano wa ukoo mwezi wa saba, watu mia na zaidi, na nataka wawe na kitu chenye jina la mama yetu ambacho mtu mwenye macho yake amekisimamia. Najua yule mpwa wake atakusumbua. Sikulazimishi."

Safari hii alimwambia Shuaib kabla ya kwenda. Mumewe akasema, "Wakitunyima uraia, tutaomba tena," akachukua ufunguo yeye. Afnan alikaa kiti cha nyuma na vitabu vyake, akauliza mara mbili kwa Kiingereza wanakwenda wapi. Nahla alimweleza yote njiani, na ya Kibokoni pia, pamoja na kidevu. Mtoto alijigusa kidevu chake, akasema kwa kinyaa, "That's gross, Mama," kisha akafungua vitabu vyake.

Walikutana Houston, katika duka la Omer, Msudani mwenye muhuri wa kuthibitisha saini, ambaye pia aliuza unga, bamia kavu na simu. Odessa alikuwa amekwisha kufika, amevaa kofia ya kanisani. Hakutabasamu. Alimsogezea Nahla kiti na kumpa kalamu. Nahla aliandika kwa nusu saa, wateja wakipita na mikate na katoni za maziwa, bila kuruka neno, na kwenye aya ya mwisho akaongeza ambalo hakuagizwa: barua ya kwanza iliyomfikia Bi Tolliver pia iliandikwa kwa mkono huu, na ilikuwa uongo.

Omer alisoma, akatikisa kichwa, akaomba kitambulisho. Aligonga muhuri. Odessa aliichukua karatasi, akavaa miwani, akaanza kuisoma kwa sauti, hapo hapo katikati ya magunia, tangu tarehe ya juu, na alipofika kwenye jina la Dido alilirudia mara tatu. Nahla alisimama pembeni na mumewe na mtoto wake, wakasikiliza mpaka mwisho.